Paa la Voi Si la Mwatate

Kila akitoka shuleni, Nthambi alivua sare, akanawa mikono na kuketi kando ya mama yake kufunga barafu za ukwaju. Kwa joto la Voi, barafu hizo zilinunuliwa kama njugu. Lakini stima ilipopotea, nayo ilipotea mara nyingi, zote ziliyeyuka na jasho la mama likamwagwa mtaroni. Ndipo Mama Nthambi alipojinyima mpaka akanunua paneli za sola. Sasa ziliegemezwa ukutani, zikila vumbi.

Kikwazo kilikuwa sheria. Pale mjini hapakuwa na ruhusa ya kuweka sola juu ya nyumba mpaka mkaguzi apande, aziangalie mbao za paa. Kasiva, binamu ya Nthambi aliyeishi Mwatate, alimcheka kwenye simu.

"Kwani mnangoja nini? Huku kwetu ni kumjulisha chifu tu, fundi anapanda. Ama nikija Jumamosi nitawapata bado mnawasha mishumaa?"

Maneno hayo yalimchoma Nthambi.

Jumatatu mama alimtuma ofisini kwa mkaguzi, akaulize atakuja lini. Mkaguzi, Bi Nasima, alimpokea vizuri. "Mwambie mamako nitakuja Alhamisi, inshallah. Na asimruhusu mtu kuyakanyaga hayo mabati kabla yangu. Wasikia?"

"Ndiyo, Bi."

Lakini akiwa njiani Nthambi aliona Alhamisi iko mbali mno. Akaupika uongo, na ulipoiva akaupakua ungali moto. "Mama, wamesema hakuna haja ya mkaguzi. Siku hizi Voi na Mwatate sheria ni moja."

Mama alifurahi, akamwita fundi Obadiah, jirani yao. Mzee huyo hakupenda haraka. "Una uhakika, mwanangu? Hawa watu hawaachangi sheria yao hivi hivi."

"Ndiyo, anko," Nthambi alijibu bila kupepesa macho.

Kesho yake jioni Obadiah alipanda. Paneli ya kwanza ilikaa vizuri. Alipopiga hatua aipokee ya pili, mabati yalizama, naye akaanguka mpaka kwenye sakafu ya saruji. Mayowe yake yalisikika mtaa mzima. Mbao zilizokatika zilionekana nzima kwa nje, kumbe ndani mchwa walikuwa wamezimaliza.

Alhamisi Bi Nasima alifika kama alivyoahidi, tochi mkononi. Akalitazama lile tundu. "Mama Nthambi, si nilimwagiza huyu mtoto?"

Mama alimgeukia binti yake. Nthambi alitamani ardhi ipasuke immeze. Alisema yote huku akilia, kisha akajaribu kujitetea. "Lakini kina Kasiva hawakukaguliwa!"

"Nyumba ya kina Kasiva ni ya juzi, na paa lao limeshikwa na vyuma," mama alisema kwa uchungu. "Hii yetu ilijengwa kabla sijazaliwa."

"Kila mji una sheria zake kwa sababu kila mji umeumia mahali pake," Bi Nasima akaongeza. "Hapa wenye nyumba ni mchwa. Sisi ni wapangaji tu."

Mbao zilibadilishwa, Bi Nasima akapanda na kuridhika, na fundi mwingine akaiweka sola. Barafu haziyeyuki tena. Hata hivyo, mama huziuza bila furaha.

Obadiah alipotoka hospitalini, nyonga ikiwa imeungwa kwa vyuma, daktari alikuwa amemkataza kupanda ngazi maisha yake yote. Nthambi alikwenda kwake, akapiga magoti. "Anko, naomba unisamehe."

Mzee alimtazama machoni. Hakutabasamu.

"Nimekusamehe, tena kwa moyo mmoja. Lakini sikiza vizuri. Nilikuuliza, ukasema ndiyo, na mimi nikapanda. Sikukanyaga mabati peke yake, nilikanyaga neno lako. Mtu akikuamini, anaweka uzito wake wote hapo. Usiwahi kumdanganya mtu aliye karibu kupanda. Msamaha nimekupa, lakini kazi yangu hauirudishi."

Kisha akanyoosha mkono kuomba mikongojo yake, na Nthambi akamwinulia.