Mashine Iliyonyamaza Murangi

Walikutana stendi ya Bunda. Tabitha amejifunga kitenge cha kijani, ndoo ya sato kichwani, maji ya samaki yakamchuruzikia kaka mmoja aliyekumbatia laptop.

"Dada, utaniulia kompyuta!"

"Kumbe nayo inakufaga?"

Yule kaka, Mwandu, akacheka. Namba ikaombwa, ikatolewa. Ndivyo yanavyoanzaga, na sisi wazazi hatuna habari.

Mwandu alikuwa fundi kompyuta, amepanga Kitaji, Musoma. Aliandika programu kwa Python, lugha ya kompyuta: inasoma hali ya hewa, ziwa likitaka kuchafuka inawatumia meseji wavuvi wa Murangi. Baba yake Tabitha, mzee Magesa, alikuwaga haingii majini bila kuangalia simu.

Siku ya kuihamishia programu kwenye kompyuta mpya ya ofisi ya mwalo, pale mitumbwi inapoegesha, Mwandu akakuta moduli, kile kipande cha programu cha kutuma meseji, haimo, na mtandao unasuasua. Simu ikaita, Tabitha.

"Mpenzi, shangazi kachinja kuku hapa Butiama. Anataka kumwona mkwe."

"Bado kidogo, mama."

"Unanipenda mimi au hiyo mashine?"

Mwandu akaandika sharti: moduli ikiwepo, itumike; isipokuwepo, programu iendelee tu, isilalamike. Kesho nitaiweka, akajisemea. Kioo kikaandika: Imekamilika.

"Umemaliza kweli?" Tabitha alimuuliza, akimpakulia ugali.

"Kila kitu kipo, malkia wangu."

Mabinti, hapo ndipo pa kutega sikio.

Kesho ikawa ya kusalimia ndugu. Keshokutwa akasahau. Alhamisi asubuhi programu iliuona upepo ukija, ikakosa cha kuutangazia, ikapita. Mzee Magesa aliangalia simu: hakuna meseji. Akasukuma mtumbwi.

Walimtoa ziwani Jumamosi.

Mwandu alikuja msibani, macho mekundu, akamweleza Tabitha yote pale kwenye masufuria.

"Ni mimi nilikuita Butiama," Tabitha akasema. "Na mimi nina kosa."

"Basi tusiachane, Tabitha. Ningeiacha programu igome siku ile, watu wa mwalo wangenipigia simu, ningerudi."

"Siku ile nilikuuliza umemaliza. Leo nakuuliza lingine. Baba angekuwa hai, ungeniambia?"

Mwandu akatazama kandambili zake.

Tabitha alimsubiri. Alisubiri mpaka wali wa waombolezaji ukaanza kunuka moshi, ndipo akashika mwiko, akampa mgongo.