Kisanduku Kutoka Nyumba ya Ziwani

Hebu tengeneza picha hii kichwani. Ni saa sita mchana, Rumonge, na umeme umekatika. Mashine ya kusaga mihogo imenyamaza, redio za sokoni zimenyamaza. Lakini katika chumba ambamo Asiya huwachapia watu barua, feni ya kompyuta bado inazunguka, na kioo kinang'aa.

"Mama Nour, umeme umekupenda wewe peke yako?" alitania Tadeo, aliyekuwa akingoja barua yake.

Asiya alicheka. Mkekani, binti yake Nour, wa miaka sita, alisema anasikia baridi.

Juma lililotangulia, kisanduku cha umeme cha kompyuta ile kiliungua. Darius, fundi, alijaribu vipya viwili, vikakataa.

"Kompyuta hii iliundwa nzima kiwandani, Mama Nour. Iko na mdomo wake, plagi za kawaida haziingii. Tuagize Bujumbura, ama tuweke hiki." Alichoshika kilitoka kwenye kompyuta ya nyumba iliyomezwa na ziwa.

"Wati zinatosha?"

"Zinatosha."

"Plagi inaingia?"

"Inaingia. Na skrubu zinakaa."

Asiya hakuweza kungoja Bujumbura. Wateja walikuwa mlangoni, akakubali kiwekwe. Tangu siku hiyo chumba kilinuka tope.

Siku iliyofuata utani wa Tadeo, umeme ulikatika tena, kompyuta haikuzima, na Nour akaanza kuhema. Asiya aliung'oa waya ukutani, akidhani sasa itakufa, lakini feni iliongeza kasi, na midomo ya mtoto ikapauka, na kila feni ilipovuta hewa kifua cha Nour kilishuka, na mama akaurudisha waya kwenye ukuta usio na umeme, akausukuma, akaulilia, mpaka taa ya dari ilipowaka na Nour akaketi, akaomba maji.

Shehe Abdoulkarim aliitwa. Alisoma kwa muda mrefu, mkono juu ya mashine. Maji meusi yakachuruzika kwenye skrubu.

"Kuna jini wa ziwani humu," alinong'ona. "Anakula ukutani. Ukuta ukikosa, anakula kwa mtoto."

"Basi tukitoe kisanduku, Shehe!"

Darius aligusa skrubu ya kwanza kwa bisibisi. Nour alipiga yowe, akashika kifua. Darius akaachia. "Nisamehe, Mama Nour. Nisamehe."

Walimpeleka mtoto Bugarama, mbali na chumba kile. Umeme wa Rumonge ulipokatika, alizimia huko huko. Waliazima jenereta; mara tatu ilizimika yenyewe.

"Nimefika mwisho wa elimu yangu, binti yangu," alisema Shehe, na hakumtazama usoni.

Sasa Asiya hachapi tena. Anampakata Nour karibu na mashine inayonguruma, macho kwenye taa ya dari, akijua kwamba hakuna dua, wala fundi, wala mapenzi ya mama yanayoweza kuizuia isizimike.

Umeme ukikatika kwenu, nakuomba kwa upole ukumbuke jambo moja: kabla hujalalamikia giza, mwombee Nour.