Kuni za Mwaloni wa Garland

Jua lilikuwa linazama nyuma ya miti Orpha Tidwell alipokwenda bombani kujaza ndoo. Kambi ya kando ya Mto Tansy, huko Missouri, ilikuwa karibu tupu. Majani yalidondoka taratibu juu ya paa la pikapu yake. Garland, marehemu mumewe, alimzoeza kwamba moto hauwashwi kabla ya maji kuwekwa karibu. Kila Oktoba walikuja wawili. Mwaka huu alikuja peke yake.

Aliporudi alimkuta Lonnie Sappington amesimama kando ya gari. Lonnie alikuwa mzee mstaafu aliyeishi kwenye nyumba ya trela pale langoni, akiwaangalia wapiga kambi bila mshahara.

"Bi Orpha! Nilidhani umetususa."

"Ningekususa zamani, kwa kahawa ile unayopika."

Lonnie alicheka, kisha akavua kofia.

"Nilisikia habari za Garland. Pole sana, dada. Mtu mbishi vile, nilidhani hata kifo kitamkwepa."

"Kilingoja ageuke," alisema Orpha.

Lonnie alirudisha kofia kichwani. Mto ulisikika chini ya miti.

"Haya, swali langu la kila siku. Kuni umekuja nazo kutoka nyumbani?"

Sheria ilikuwa inajulikana. Kuni za mbali haziruhusiwi, kwa sababu ya wadudu wanaojificha chini ya magome na kuua misitu. Kuni unanunua langoni na kuchoma hapohapo.

"Hapana," alisema Orpha.

Lonnie aliangalia turubai nyuma ya pikapu. Aliliangalia muda mrefu.

"Sawa," alisema mwishowe. "Ukihitaji chochote, piga honi. Nalala kama paka."

Orpha alifundisha watoto Biblia kila Jumapili, na hakukumbuka mara ya mwisho kusema uongo. Lakini chini ya turubai kulikuwa na kuni za mwaloni wa nyuma ya nyumba yao. Garland alikuwa anaukata mwezi wa Aprili, ukapinduka upande asioutarajia, ukamlalia. Orpha alikuwa jikoni anaosha vyombo. Hakuwepo. Mti ndio uliokuwepo. Na yeye alitaka jioni moja tu, akae karibu na kitu kilichokuwa na mumewe dakika ile ya mwisho.

Hakuwa anaomba zaidi ya hapo.

Aliwasha moto ndani ya pete ya chuma inayozunguka meko. Akaweka kikaango cha maharage pembeni na kufunua mkate wa mahindi. Kuni zilishika vizuri. Zilikuwa kavu, za rangi ya asali.

Kisha akasikia harufu.

Mafuta ya msumeno... na peremende. Garland alikuwa hamalizi saa bila kutia peremende mdomoni.

Aligeuka nyuma. Hapakuwa na mtu.

Kuni ikapasuka. Tak! Na ndani ya mlio ule kulikuwa na kikohozi.

"Sogeza hicho kigogo, Opi. Moshi unanipiga."

Dunia nzima, mtu mmoja tu ndiye aliyewahi kumwita Opi.

Ng'ambo ya moto, ndani ya moshi, kulikuwa na magoti mawili. Suruali ya kazi, ya kahawia, yenye kiraka alichokishona mwenyewe. Juu ya magoti moshi ulikuwa mzito, na hakuona uso.

"Garland?" alinong'ona.

"Sasa ulitaka awe nani?"

Orpha akacheka na kulia kwa pamoja.

"Nina baridi, Opi. Ongeza."

Akaongeza. Mabega yakaonekana.

"Uliondoka bila kuniaga," alisema Orpha.

"Nilikuaga. Ulikuwa umefungulia redio."

Ilikuwa kweli. Redio ilikuwa inaimba, na Orpha hakuwahi kumwambia mtu.

"Ongeza."

Akaongeza tena. Kidevu kikatokea kwenye moshi, na ndevu za siku mbili. Msitu ulikuwa kimya. Hata mto haukusikika.

"Nipe mkono, mke wangu. Baridi imeniingia kwenye mifupa."

Orpha alinyoosha mkono. Hakuhisi joto lolote. Alishangaa jinsi moto ulivyokuwa mpole...

Maharage yakaanza kuungua. Harufu ile ya kawaida, ya jikoni kwao, ilimgutusha kidogo.

"Chakula kinaharibika," alisema. "Omba kwanza, tule."

Kimya.

Garland hakuwahi kutia tonge mdomoni bila kuomba. Hata kwenye mgahawa uliojaa madereva wa malori alivua kofia, akainamisha kichwa, na asijali nani anacheka.

"Omba, mume wangu."

"Baadaye. Mkono kwanza."

"Garland. Omba."

"Mkono, Opi."

Hapo ndipo alipoona mkono wa sweta lake unawaka.

Alipiga kelele na kuirukia ndoo. Maji yote yakaenda motoni. Mvuke ukapanda mweupe, mrefu, ukimzomea. Na kutoka ndani ya mvuke ikaja sauti nyingine, ndogo, iliyochoka.

"Bwana... bariki chakula hiki... na mikono iliyo..."

Ikakatika.

Giza.

Mto ukaanza kusikika tena.

Orpha hakulala. Asubuhi Lonnie alikuja na vikombe viwili vya kahawa. Aliona mkono uliofungwa taulo. Aliona majivu yaliyolowa. Hakumkemea kwa uongo wake. Alikaa tu kwenye benchi.

"Mti upi?" aliuliza.

"Ule uliomuua."

Lonnie aliitika kwa kichwa.

"Nilimwambia aombe, akakataa," alisema Orpha. "Kisha nikamwaga maji, Lonnie, na akaanza kuomba. Nilimzima anaomba."

Kikombe cha Lonnie kilisimama kabla ya kufika mdomoni. Alikiweka chini, akavua glavu ya mkono wa kushoto. Vidole vilikuwa viwili. Vingine vilikuwa makovu meupe.

"Wangu hakuomba kabisa," alisema. "Maureen, marehemu mke wangu. Nami nilileta kuni kutoka uani kwetu. Kwa hiyo sijui nikwambie nini, dada. Huenda alikuwa yeye."

"Na kama siye?"

"Basi kitu hicho kimeanza kujifunza kuomba."

Mbegu za mialoni zilidondoka juu ya meza, moja moja.

"Kuni zilizobaki haziwezi kurudi nyumbani," alisema Lonnie, "wala siwezi kuziacha hapa. Kuni ikishaingia, inachomwa hapahapa mpaka iishe. Ndiyo sheria. Nikuchomee?"

Orpha aliangalia turubai. Mchana kweupe, na bado alisikia peremende.

"Nilizileta mimi," alisema. Akanyoosha mkono wake usioungua. "Nipe kiberiti. Ila ukae hapa. Ukiona nanyoosha mkono motoni, nishike kwa nguvu."

Lonnie alimpa kiberiti. Kisha akasogea karibu na pete ya chuma, karibu kuliko ilivyohitajika.

"Na mimi nikinyoosha?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Njiti ilikuwa imeshawaka.