Bazilio Hasomi, Anakariri

Jioni moja Habonimana alirudi kutoka shambani kwake, kijijini Titye. Akaegemeza jembe ukutani, akakaa mlangoni kupukuchua mahindi. Mwanawe Bazilio, wa darasa la pili, alikuwa anasoma kwa sauti. Alisoma haraka, bila kukwama. Habonimana akainua macho. Kitabu kilikuwa kichwa chini miguu juu.

"Hapa pameandikwa nini?" akauliza, akigusa neno moja.

Mtoto akaanza tena hadithi tangu mwanzo.

Habonimana akamwita jirani yake, Mama Swaumu. Yeye ni mmoja wa wazazi waliofundishwa kuwasaidia watoto kusoma shuleni.

"Hasomi huyu, anakariri," Mama Swaumu alisema. "Watoto ni wengi, mwalimu ni mmoja. Wenzake wakiitikia, naye anaitikia. Tena kitabu ni cha Kiswahili, na hapa nyumbani mnaongea Kiha tu."

Habonimana akamkumbuka binti yake, Nadine. Alifeli mtihani wa darasa la nne, akarudia, akafeli tena. Akaona haya, akaacha shule. Sasa anafanya kazi za ndani Kasulu mjini.

"Nadine naye alikuwa anakariri?"

"Ndiyo, Baba Nadine. Na wewe kusoma unajua. Uliwahi kukaa naye na kitabu?"

"Nilimwita mvivu," akajibu.

Wiki iliyofuata alijiunga na mafunzo ya wazazi. Wanaume wenzake kilabuni walimcheka. Alijifunza kusoma na mtoto kila siku, hata kidogo. Kuweka kidole chini ya neno. Kutamka silabi moja moja: ma-ha-ra-ge. Kuuliza maana kwa Kiha. Mtoto akikosea, asichekwe wala asichapwe.

Akaanza kwenda shuleni kuwasaidia watoto waliobaki nyuma. Kabla mvua hazijakatika, Bazilio alisoma hadithi ambayo hakuwahi kuisikia.

Nadine alipokuja kuwasalimia, alimsikiliza mdogo wake mpaka mwisho.

"Kumbe ni kukaa naye tu?" akauliza.

"Rudi nyumbani, mwanangu. Utarudi shule."

"Nikae na watoto wa darasa la nne, baba? Na ukubwa huu?"

 Habonimana akasema, "Basi nitakufuata hukohuko."

Sasa kila Jumapili anakwenda Kasulu. Wanakaa kwenye benchi, nyuma ya nyumba ya tajiri wake Nadine. Binti anasoma polepole, na kila wiki anasoma vizuri zaidi. Baba akimsifu, yeye hufungua ukurasa unaofuata. Bado hajamtazama usoni baba aliyemwita mvivu.