Kilomita Mia Mbili za Muasya

Mwaka ule wa 1983 sote tulikuwa tumechoka. Mimi nilishona sare za shule tangu asubuhi mpaka giza, hapa nyumbani kwetu mtaa wa Jericho. Mume wangu, Muasya, aliendesha lori kubwa la mizigo. Alipeleka majani chai Mombasa na kurudi na mabati. Akifika nyumbani alivua viatu mlangoni, akakaa kimya mpaka chai ikapoa mbele yake.

Jumatatu moja alirudi na barua. Akaiweka juu ya cherehani yangu.

"Soma wewe, Mama Mbeti," alisema. "Mimi macho yamechoka."

Nikasoma. Meneja wake, Bwana Gichuru, aliandika kwamba lori la Muasya linakula mafuta kupita kiasi. Zamani safari ya Mombasa, kwenda na kurudi, ilitumia lita mia nne. Tangu mwezi wa tatu ni lita mia nne na hamsini. Tena mita ya gari inaonyesha kilomita mia mbili zaidi kila safari. Muasya aeleze kabla ya Jumamosi jioni alikuwa anakwenda wapi na mafuta ya kampuni. La sivyo, atafutwa kazi kama mwizi.

"Ulikuwa unakwenda wapi?" niliuliza.

"Mombasa."

"Na hizo mia mbili?"

"Sijui, Mama Mbeti. Haki ya Mungu sijui."

Sitaficha: sikumwamini. Si watu husema lisemwalo lipo? Kilomita mia mbili, mia kwenda na mia kurudi! Ni nani huko pembeni mwa barabara anayempikia mume wangu? Alipokwenda kulala, nilichukua shati lake nikalinusa. Lilinuka dizeli na jasho. Miaka kumi na minne ya ndoa, na mimi nanusa shati! Niliona haya, lakini nikalinusa mara ya pili.

Kesho yake jioni alikuja jirani yetu Norah, mama yake Apondi, kuchukua sare ya mtoto. Norah alikuwa karani wa stoo ya vipuri vya malori. Alikuwa ametoka kazini kwa miguu. Aliketi, akaanza kukanda nyayo zake. Aliponiona macho mekundu akauliza kuna nini. Nikampa barua.

Aliisoma mara mbili. Kisha akacheka kidogo.

"Huyo mwanamke wa pembeni anapima njia kwa rula? Kila safari mia mbili, haizidi, haipungui? Wacha wee! Baba Mbeti, hebu amka. Mwezi wa tatu walitengeneza nini kwenye gari lako?"

Muasya alikuwa amesinzia kwenye kiti. "Difu ilivunjika njiani, pale mjini Sultan Hamud. Wakafunga nyingine, waliitoa kwenye tipa ya kubeba mawe." Akafungua macho. "Difu nzuri sana, Mama Apondi. Gari linapanda mlima kama mbuzi. Mimi mwenyewe nilimshukuru fundi."

"Basi ulishukuru kinachokuibia."

"Difu ndiyo nini?" niliuliza. Mke wa dereva miaka yote hiyo, na sikujua.

"Ni lile bonge la chuma katikati ya magurudumu ya nyuma," Norah alisema. "Ndani mna gia. Injini inazungusha chuma kirefu chini ya gari, mafundi wanakiita propela. Propela inazungusha difu, na difu inazungusha magurudumu. Sasa simama, twende mpaka mlangoni."

"Miguu inaniuma, Mama Apondi."

"Hata yangu. Simama."

Tukaenda sambamba. Nilifika mlangoni kwa hatua tano. Yeye alipiga hatua fupi, akafika kwa sita.

"Umbali ni ule ule," alisema. "Nani amefanya kazi zaidi?"

"Wewe."

"Ndivyo ilivyo. Difu ya zamani ya Baba Mbeti ilikuwa ya safari ndefu. Propela ilizunguka mara tano, gurudumu likazunguka mara moja. Ile ya tipa inataka mara sita. Hatua fupi zina nguvu mlimani. Ukipanda na debe la maji kichwani, si unafupisha hatua? Tipa ya mawe inazihitaji, maana haiendi mbali wala mbio. Lakini mpaka Mombasa! Injini inazunguka mara sita pale ilipozunguka tano, njia nzima. Lazima itumie mafuta zaidi."

Muasya alikaa wima. "Ndiyo maana injini inalia! Nakanyaga mpaka mwisho ili nifike saa zile zile. Mita inasema themanini, na bado mabasi yananipita."

"Hiyo mita inakudanganya," Norah alisema. "Waya wake unahesabu mizunguko ya propela. Gurudumu haulijui. Propela ikizunguka zaidi, mita inadhani umekwenda mbali zaidi. Mia mbili zako zimetoka hapo."

"Meneja hataamini maneno matupu."

"Mwonyeshe. Chaki inatosha."

Jumamosi mchana tulikwenda sote watatu kwenye yadi ya kampuni. Bwana Gichuru alisimama amekunja mikono. Muasya alichora alama ya chaki kwenye gurudumu, pale linapogusa ardhi, na nyingine kwenye propela. Akaweka gia huru. Wapakiaji wanane wakasukuma lori tupu, polepole, mahali tambarare. Norah aliinama pembeni, mbali na magurudumu, akahesabu kwa sauti.

"Tatu. Nne. Tano."

Alama ya gurudumu ilikuwa bado haijarudi chini. Mimi nilishika mkono wa mume wangu.

"Sita!" Ikarudi chini.

Wakasukuma lori la pili, la aina ile ile, lenye difu ya zamani. Tano kamili.

Bwana Gichuru alimtazama fundi wake. Fundi akatazama chini. Meneja akaichukua barua mkononi mwa Muasya, akaitia mfukoni. Pole hakusema.

Baada ya wiki mbili walifunga difu ya mara tano. Ile ya mara sita ilirudi machimboni kwa tipa nyingine, na huko inafanya kazi vizuri. Lori la Muasya sasa linapanda mlima pole pole, naye hubadilisha gia mapema. Safari ya kwanza lilitumia lita mia nne, na mita ikaonyesha kilomita za kweli.

Siku aliyorudi, alivua viatu mlangoni. Nikamwekea chai.

"Baba Mbeti, nina neno. Mimi nilidhani una mwanamke."

"Najua. Nilikuona kupitia pazia ukinusa shati langu." Akainua vidole viwili. "Mara mbili."

Machozi yakanitoka. "Mbona hukusema kitu?"

"Ningesema nini? Hata mimi sikujua zimetoka wapi. Nilichoka kuitwa mwizi kazini, nikarudi kuitwa mwizi nyumbani."

"Nisamehe, baba."

Aligusa chai kwa ncha ya kidole. Kisha akanisogezea kikombe chake.

"Chai imepoa," alisema. "Ipashe tena, na ulete kikombe chako."