Washindi Sita wa Safari ya Visiwani

"OFA YA MWISHO! Siku saba visiwani, mchanga mweupe, maji ya samawati. Nafasi sita. Njoo utazame, usiguse."

Ujumbe uliingia saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi. Mtu mwingine angeudhani tangazo la likizo akaufuta. Mtalii naye aliufuta, lakini baada ya kuuelewa.

Mabegi sita. Yaache yapande ndege. Usimkamate mtu.

Alirudisha Samsung yake kwenye mfuko wa kizibao cha manjano na kuendelea kusukuma toroli katikati ya ukumbi wa abiria wanaoondoka. Chini ya kizibao, ubavuni, ilikuwepo Glock 19. Sikioni alikuwa na spika isiyozidi punje ya mahindi. Kifungo cha pili cha shati lake kilikuwa kamera.

Jina la Mtalii alipewa na wenzake katika Idara ya ujasusi kwa kejeli. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amekwenda kila mahali ambapo watu hubandika picha zake ukutani. Paris alikaa siku nne ndani ya gari la dobi. Venisi aliijua kwa harufu ya ghala moja lenye unyevu. Maporomoko ya Niagara aliyasikia tu, kupitia ukuta wa chumba cha jenereta, akimvizia mtu ambaye hakutokea. Hakuwa na picha hata moja. Nyumbani walijua anauza bima.

Kilichomleta uwanjani siku hiyo kilikuwa pasipoti mia mbili na arobaini.

Zilikuwa tupu, halali, kila moja na chipu yake ndani ya jalada. Zilitoweka katika kiwanda cha uchapaji cha serikali wiki tano kabla. Mnunuzi aliitwa Kanali, mtu aliyeuza askari wa kukodi kwa yeyote mwenye vita. Pasipoti hizo zingewapitisha watu wake mia mbili na arobaini katika mpaka wowote wakiwa na uraia safi. Idara ilikuwa na sauti yake kwenye kanda moja. Sura yake hakuna aliyeijua.

Msafirishaji alijulikana. Alikuwa wakala wa safari aliyepanga vyumba viwili juu ya duka la miwani, kuta zote zimejaa picha za fukwe. Majirani walimwita Bwana Karibu, maana hakuwa na salamu nyingine. Alichezesha bahati nasibu ya wastaafu. Washindi walipewa wiki moja visiwani bure, na zawadi ya begi jipya la kitambaa, rangi ya buluu. Pasipoti zilishonewa chini ya bitana, arobaini kwa kila begi.

Nani atampekua mwalimu mstaafu?

Washindi walikuwa sita. Mtalii aliipata orodha jana, saa tisa alasiri. Mshindi wa sita alikuwa dada yake.

Alimpigia Mkuu wa Operesheni papo hapo. Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza bila kupandisha sauti kwamba mshindi mmoja akiondolewa Bwana Karibu atashtuka, na Kanali atapotea miaka mingine kumi. Mabegi yangefika, wapokeaji wangekamatwa kulekule. Mtalii aliuliza wazee watafanywa nini. Watahojiwa, akajibiwa, halafu watarudi.

Mtalii alilijua neno hilo. Mtu wa mwisho kubebeshwa mzigo namna hiyo alikuwa tarishi mstaafu. Alihojiwa miezi kumi na minne. Alirudi ndani ya sanduku.

Hata hivyo alisema, "Sawa."

Sasa dada yake alikuwa mita tisa mbele yake, wa sita kwenye foleni, amevaa gauni aliloshona mwenyewe kwa ajili ya safari hii, lenye mifuko mirefu ya kutilia makombe ya baharini. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Mama yao alipofariki, Mtalii alikuwa na miaka tisa. Dada ndiye aliyemlea, kwa cherehani moja aina ya Singer na macho yaliyoharibika mapema. Juu ya cherehani hiyo alibandika kurasa za kalenda: ziwa chini ya mlima wa theluji, mnara wa chuma, ufuko uliokuwa mweupe mno kuwa wa kweli. Mwenyewe hakuwahi kufika mbali zaidi ya soko la vitambaa.

Mwalimu mstaafu aliyesimama mbele yake alimuuliza kama haogopi ndege.

"Nilishawahi kukwama kwenye lifti ya hospitali saa mbili nzima," dada alimjibu. "Hii angalau ina dirisha."

Foleni ilicheka. Mtalii aliinamisha kofia yake.

Alipitisha toroli kando ya mabegi, taratibu. Mkononi alikuwa na kifaa cha ukubwa wa kiberiti kinachohesabu chipu kupitia kitambaa. Namba zilijitokeza moja baada ya nyingine kwenye saa yake ya Casio, ambayo haikuwa Casio ndani.

Arobaini. Arobaini. Arobaini. Arobaini. Arobaini.

Sifuri.

Alirudi, akajifanya anafunga gurudumu. Sifuri tena.

"Mkuu. La sita halina mzigo."

"Umepima vizuri?"

"Mara mbili."

Kitu fulani kifuani mwake kilitulia. Alikipa sekunde mbili tu, kisha akakitazama kwa akili. Begi tupu halikumwokoa dada yake. Jana alikuwa mbebaji asiyejua lolote. Leo, machoni pa watu hawa, alikuwa mwizi.

Bwana Karibu alisimama penye kaunta, meno yote nje, akiwapandishia wazee mabegi kwenye mizani. Karibu mama. Karibu mzee. Kila begi alilibonyeza kitako kwa kidole gumba. La kwanza, gumu. La pili, gumu. La tano, gumu.

La sita lilibonyea kama mto.

Tabasamu halikutoka. Lilibaki pale usoni, kama taa iliyosahauliwa ikiwaka. Alimwambia dada kuna saini moja wameisahau, ni dakika tu, mama, nifuate. Akalibeba begi mwenyewe. Wakaingia mlango wa bati ulioandikwa MIZIGO MIKUBWA.

"Niingie?"

"Hapana," Mkuu alisema. "Lazima atampigia simu mtu. Subiri tumwone."

Dakika tatu.

Mtu alitoka kwenye chumba cha abiria wa daraja la kwanza. Kofia ya majani. Kaptura. Pua imepakwa mafuta meupe ya kukinga jua, na nje hata jua lenyewe halikuwepo. Alitembea kama mtu anayetafuta choo. Akaingia mlango uleule.

"Umeona?"

"Nimeona. Anaweza kuwa yeye, anaweza kuwa mtalii wa kweli," Mkuu alisema. "Tukimkamata mtu wa bure, serikali mbili zitatukalia kooni. Nahitaji sauti. Sekunde thelathini za sauti yake."

Mtalii aliegesha toroli mlangoni na kubandika kinasa sauti, bapa kama plasta ya kidonda, juu ya bati. Sauti za ndani zilimjia sikioni kana kwamba wote wamesimama begani kwake.

Dada alikuwa anaeleza. Alieleza kwa subira ile ya fundi anayemweleza mteja kwa nini suti haijawa tayari. Mshono wa bitana ulikuwa umepinda, alisema, mtu aliyeushona hana hata haya. Yeye asingeweza kusafiri na kitu kama kile, watu wangedhani kashona yeye. Akaufumua. Chini akakuta vibao vyeusi vizito vimezungushiwa plastiki. Akajua ni uvivu wa kiwandani, wameshindwa kuweka sponji. Akavitoa, akashona upya.

"Viko wapi?" Ilikuwa sauti nyingine. Nzito, ya taratibu.

"Nyumbani. Chini ya mguu wa cherehani. Ilikuwa inacheza."



"Nimekuja kutoka mbali sana, mama," sauti nzito ilisema. "Nina watu wanaonisubiri, na sipendi kuchekeshwa. Nitakuuliza mara moja zaidi. Nani amekutuma?"

"Sijatumwa na mtu. Ulikuwa mshono mbaya."

"Sekunde kumi na sita," Mkuu alisema sikioni. "Endelea."

Dada alisema kweli tupu, na kweli yenyewe ilikuwa ya kipuuzi mno kuaminiwa. Sauti nzito ilizungumza na Bwana Karibu. Ikamwagiza aushike mkono wa dada. Huu wa kulia. Droo ilivutwa.

"Ishirini na mbili. Bado nane."

Droo ikafungwa kwa nguvu.

Dada hakupiga kelele. Ilitoka sauti fupi, kama ya mtu aliyeunguzwa na pasi.

Mkono wa Mtalii ulikuwa tayari juu ya kitasa. Aliijua hesabu. Sekunde ishirini na mbili zilikuwa shaka. Thelathini zilikuwa ushahidi. Bila ushahidi mwenye kaptura angetoka na wakili kabla ya jioni.

Saba. Sita. Tano.

Sauti nzito ilikuwa bado inaongea.

Mbili. Moja.

"Ni yeye," Mkuu alisema. "Kanali. Ingia."

Aliingia.

Bwana Karibu aligeuka na tabasamu lake na akapigwa nalo, kwa kitako cha bastola, katikati kabisa. Kanali alikuwa mwepesi kuliko kaptura yake. Bastola ndogo ilitokea kwenye kofia, ikapaa nusu ya njia. Mtalii alipiga risasi moja. Ilipita kwenye kiganja. Bastola ikaanguka, kofia ikafuata, na Kanali akapiga magoti kati ya masanduku akiushika mkono wake, akilitaja bila kukoma jina la balozi fulani.

"Safi," Mtalii alisema kwenye kinasa cha kolani. "Wawili. Hai. Leta pingu na daktari."

Dada alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mkono umelala mapajani. Aliutazama uso chini ya kofia ya wasukuma toroli. Alichukua muda.

"Ni wewe?" aliuliza.

"Ni mimi, dada."

Saa tano kamili ndege iliruka na viti sita vitupu. Wazee watano waliwekwa chumba cha pembeni kutoa maelezo. Mwalimu mstaafu aliandika kurasa nne na kusahihisha sarufi ya askari. Pasipoti mia mbili zilitolewa kwenye mabegi. Kikosi kilichokwenda kwa dada kilikuta zile arobaini palepale alipozitaja, cherehani imesimama imara juu yake. Mkuu alimpigia Mtalii kumpongeza, akataja neno nishani, akamwambia pia kwamba, kwa haki kabisa, kazi yote imefanywa na sindano ya mwanamke mmoja. Mtalii alikubali. Ndivyo ilivyokuwa.

Zahanati ya uwanja ilikuwa na vitanda viwili na feni. Daktari alimweleza nje, kwa sauti ya chini. Kidole cha shahada na cha kati. Mifupa itaunga. Kukunja kama zamani, hapana. Uzi kwenye tundu la sindano, asahau.

Alipoingia, dada alikuwa anajaribu kufunga vifungo vya sweta kwa mkono wa kushoto. Vilikuwa saba. Alikuwa kwenye cha pili.

"Kwa hiyo huuzi bima," alisema bila kuinua macho.

"Siuzi."

"Na hili la begi. Umelijua lini?"

Angeweza kusema asubuhi. "Jana. Saa tisa."

Dada aliwaza kidogo, kama anayetafuta pini sakafuni. "Saa kumi ulinipigia simu. Ukanitakia safari njema."

"Ndiyo."

Kifungo cha pili kilipita. Akaanza cha tatu.

"Ule mlango haufiki chini," alisema. "Walipovuta ile droo niliona viatu kwa nje. Nikajua kuna mtu. Nikasema moyoni, huyo ataingia sasa hivi. Baada ya mkono kubanwa nikaendelea kusema hivyohivyo, ataingia sasa hivi. Vile viatu havikusogea."

"Sekunde nane," Mtalii alisema.

Alisema hivyo kwa sababu ilikuwa kweli, na kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kumpa.

Dada aliinua macho kwa mara ya kwanza. Hakuwa na hasira. Alimtazama kama anavyotazama kitambaa alichokinunua kizuri dukani, na sasa kwenye mwanga wa nje anakiona kilivyo.

"Uliumwa surua ukiwa na miaka kumi," alisema. "Sikulala siku nne. Sikuzihesabu sekunde."

Mtalii alinyoosha mkono kuelekea kifungo cha nne.

"Acha."

Akaacha.

"Nenda kazini kwako. Mwalimu atanipeleka nyumbani, ameshasema."

Mtalii alivua kizibao cha manjano, akakikunja mara mbili, akakiweka juu ya kitanda kitupu. Alinyoosha kola. Akatoka.

Ukumbi ulikuwa umejaa abiria wa ndege ya mchana. Alipita katikati yao kwa mwendo wa kawaida, mikono mifukoni, uso mkavu, bila mzigo wowote. Watu walimpisha njia bila kujua kwa nini. Milango ya vioo ilifunguka yenyewe, ikajifunga nyuma yake.