Wageni wa Farasi Mgonjwa

Watu wa Nakawa walizoea kuamshwa na kwato za Kanzu. Ko, ko, ko, ko. Ukizisikia, ujue Mzee Marjan ameshaswali na sasa anakwenda kazini.

Kanzu alikuwa farasi. Aliitwa hivyo kwa sababu alikuwa mweupe kuanzia shingoni hadi miguuni. Kila asubuhi alivuta mkokoteni uliojaa ndizi za matoke mpaka soko la Nakasero. Zamani watu walimcheka Marjan. "Mzee, dunia ina malori, wewe bado na farasi?" Lakini katika miaka ile ya serikali ya wanajeshi, petroli ilipotea kama sukari na sabuni. Malori yakalala. Kanzu hakulala. Waliokuwa wakicheka wakaja kuomba nafasi ya mikungu yao. Ndiyo dunia hiyo.

Marjan alikuwa mtunza farasi wa bwana mmoja Mhindi. Wahindi walipofukuzwa nchini, bwana huyo alimkabidhi Marjan hatamu, akalia, akaondoka. Tangu siku hiyo Kanzu ndiye aliyeilisha nyumba ya Marjan, mkewe Halimah na watoto wao. Hawakuwa na kazi nyingine.

Asubuhi moja Kanzu alikataa kula. Akaparapara chini kwa kwato. Akageuza shingo kutazama tumbo lake. Kisha akalala, akabiringika, jasho likamtoka. Marjan akamwita Daktari Okeny, daktari wa wanyama aliyekaa Wandegeya.

Daktari alisikiliza tumbo, upande huu na upande ule. "Utumbo umejisokota," alisema. "Dawa haiwezi kuufungua. Lazima tumpasue leo hii."

Wakampeleka kwa daktari, wakampasua huko. Utumbo ukanyooshwa, na Kanzu akaponea chupuchupu. Baada ya siku chache alirudi nyumbani akitembea polepole. Chini ya tumbo alikuwa na mshono mrefu, umefunikwa kwa bandeji pana.

"Sasa kazi ni yenu," Daktari Okeny alimwambia Marjan. "Mpe majani laini, konzi moja. Akimaliza, subiri, halafu konzi nyingine. Maji safi yawepo wakati wote. Chakula kingine hapana, mpaka niseme mimi."

"Nimesikia, daktari."

Na kweli alisikia, lakini alisikia peke yake. Nyumbani alimwambia mkewe, "Daktari amesema ale kidogo kidogo." Basi! Maneno yote ya daktari yakawa hayo. Kisha Marjan akaenda Nakasero kuwaeleza wachuuzi kwamba mkokoteni hautakuja.

Hapo ndipo balaa lilipoanza, na lilianza kwa wema. Pale Nakawa mgonjwa hutembelewa. Na hatembelewi na mtu mwenye mikono mitupu. Mtu wa hivyo husemwa mtaa mzima.

Wa kwanza kufika alikuwa Alum, jirani wa ukuta mmoja. Alikuja na majani ya viazi vitamu.

"Dada Halimah, poleni sana. Mgonjwa ameamkaje?"

"Tunashukuru. Karibu umwone."

"Nimemletea hiki, kidogo tu."

Kidogo! Na daktari si alisema kidogo kidogo? Halimah akapokea kwa mikono miwili, Kanzu akala. Alum akaenda zake akiwa na furaha.

Baadaye akaja Kasim, polisi mstaafu, na pumba za mahindi ndani ya kofia yake. "Kidogo tu, mama." Akaja Acan, muuza chai, na maganda ya matoke. "Kidogo tu, jamani, apate nguvu." Kila mgeni alileta kidogo chake. Hakuna aliyejua mwenzake ameleta nini. Kanzu naye, njaa ya siku nyingi ilikuwa inamuuma. Alikula vyote.

Marjan aliporudi alasiri, alimkuta Kanzu anaparapara. Shingo imegeuka. Anatazama tumbo.

"Halimah! Amekula nini huyu?"

Halimah akamweleza. Marjan akashika kichwa. "Umeniulia farasi, mwanamke!"

"Mimi?" Halimah naye akawaka. "Ulitaka nimrudishie Alum majani yake mbele ya watu? Ungeniambia daktari amekataza, ningejua la kusema. Uliniambia kidogo kidogo, nami nilimpa kidogo kidogo!"

 

Kasim, aliyekuja mbio kwa makelele yao, hakungoja kuambiwa amfuate daktari. Alirukia baiskeli yake akakanyaga mpaka Wandegeya, uzee wake wote ukasahaulika. Halimah aliondoa chakula chote zizini. Marjan alimshika Kanzu kamba, akimzuia asilale na kubiringika, mshono usije ukafumuka. Aliogopa sana. Alikuwa akimwambia Kanzu sikioni, "Usiondoke, ndugu yangu. Usituache."

Daktari Okeny alifika amekaa nyuma ya baiskeli, mkoba mapajani. Alimpitisha Kanzu mpira mwembamba puani mpaka tumboni. Maji ya kijani yakamwagika ndooni, yana vipande vya majani, maganda na pumba. Majirani walisimama mlangoni wakaviona. Kila mmoja alikitambua chake.

"Banange, jamani!" Acan alisema. "Ni sisi."

Daktari hakugomba. Alisikiliza tumbo tena, akakaa juu ya ndoo nyingine iliyopinduliwa.

"Nisikilizeni. Farasi si kama sisi. Farasi hawezi kutapika. Mtu akila vibaya hutapika, akapata nafuu. Farasi kinachoingia lazima kipite mpaka mwisho, au kimuue. Na utumbo wa Kanzu umeshonwa juzi, bado umechoka."

"Lakini kila mtu alileta kidogo," Alum alisema kwa sauti ndogo.

"Ndiyo. Kidogo chako, na kidogo cha Kasim, na kidogo cha Acan. Tumbo ni moja."

Halimah akauliza, "Sasa tufanye nini, daktari? Tuwafukuze wageni? Kwetu hilo ni aibu."

"Hata kwetu Acholi ni aibu," Okeny alisema. "Msiwafukuze. Wapeni kazi. Amlishe mtu mmoja tu, na awe wewe mama. Wengine wamletee maji. Wafagie zizi, maana uchafu ukiingia kwenye mshono utatunga usaha. Wamtembeze polepole kwa kamba, mara kadhaa kila siku, tumbo liamke."

"Tutajuaje kama anapona?" Marjan aliuliza.

"Tazama mshono. Ukivimba, ukitoa maji au kunuka, niite. Akiwa na joto jingi, niite. Akikataa kula, akitazama tumbo, ondoa chakula, niite. Usimpe dawa ya nyumbani. Na tazama mavi yake. Akinya vizuri, utumbo unafanya kazi. Asiponya, ni hatari."

Watu wakacheka kidogo, kwa woga. Daktari hakucheka. Alikaa zizini mpaka Kanzu alipotulia.

Tangu kesho yake Halimah alisimama mlangoni kama askari. "Karibu, dada. Mikono mitupu hapa ni heshima. Shika fagio." Mwanzoni watu waliona haya, kisha wakazoea. Alum alichota maji. Acan alifagia huku akiwasema wanaume. Kasim alimtembeza Kanzu taratibu uani, na alijivuna kama anaongoza gwaride.

Mshono ukakauka. Nyuzi zikatolewa. Mchuuzi mmoja alikuja kumbembeleza Marjan. "Mfunge mkokoteni, mzee. Anaonekana mzima!"

"Anaonekana kwa nje. Ndani bado," Marjan alimjibu. "Daktari hajasema." Miezi ile ilikuwa migumu. Walikula mihogo, wakakopeshana chumvi na majirani, wakangoja.

Hatimaye daktari alisema. Mkokoteni mtupu kwanza, halafu mzigo mdogo, halafu mzigo wa kawaida. Asubuhi ya mzigo wa kawaida Marjan hakupanda juu. Alitembea kando ya Kanzu kilima chote cha Nakasero, mkono wake begani kwa farasi, akisikiliza pumzi, akihofia utumbo usije ukagoma kwa uzito wa mzigo.

Juu kabisa palikuwa na kizuizi cha wanajeshi. Askari akanyoosha mkono: simama. Kanzu akasimama. Akainua mkia. Akanya palepale katikati ya barabara, mbele ya viatu vya askari, rundo zuri lenye joto, linalofuka mvuke.

Wapita njia wakaganda. Marjan akanyanyua mikono juu.

"Alhamdulillahi!"

Askari akamkazia macho. "Mzee, una wazimu? Unafurahia mavi?"

"Afande," Marjan alisema, na machozi yalikuwa yakimtiririka mashavuni, "ungejua tulivyoyangoja haya!"

"Yaondoe!"

"Nitayaondoa, afande. Kwa mikono yangu yote miwili."

Akainama, akayazoa huku anacheka.